Jibu: Miguu ya meza inacheza, nina msumeno, patasi na drili tu

Salama mkuu. Nimekuelewa: meza ya kulia, mbao za paini za inchi 2 kwa 3, uliipiga misumari na sasa miguu inacheza. Unataka kiungo kisichohitaji mashine.

Kwanza angalia mbao. Ikiwa bado mbichi itasinyaa, na kiungo chochote kitalegea. Halafu pima guni utakalotumia (kifaa cha kupimia pembe mraba): chora mstari, ligeuze, chora tena palepale. Mistari ikiachana, limepinda, tafuta lingine.

Miguu na fremu ya juu, mimi huunga kwa ulimi na tundu: ncha ya mbao ya fremu inachongwa iwe nyembamba (ulimi), nayo inaingia kwenye tundu la mguu. Kanuni ni ulimi wa theluthi ya unene wa mbao, ila kwa kuwa patasi yako ni ya nusu inchi, fanya nusu inchi usijitese. Tundu litoboe kwa drili, matobo yakifuatana, kisha nyoosha kuta kwa patasi. Ulimi ukate mnene kidogo, uuchonge taratibu mpaka uingie kwa kusukuma na kiganja. Ukiulazimisha kwa nyundo, mguu unapasuka. Mabega ya ulimi (sehemu za mbao zinazobaki pembeni mwa ulimi) yakae bapa kabisa kwenye mguu, kwa sababu hayo yanasaidia sana kuzuia kucheza.

Skrubu kwenye ncha ya mbao usiitegemee, paini inaiachia.

Klampu (kibano cha kushikilia mbao gundi ikikauka) huna? Zungusha kamba kwenye fremu, pitisha kijiti, isokote mpaka gundi ichuruzike kidogo.

Uso wa meza usiugundishe kwenye fremu. Masika unapanuka, kiangazi unasinyaa, na ukibanwa utapasuka.