BRNO 602 ya .375 iliyotumika: fungua mbao kabla hujatoa hela

Mkuu, umeuliza kama hiyo bunduki ya kuwindia, BRNO ZKK 602 ya risasi ya .375 H&H uliyoonyeshwa Nyegezi, "nje inang'aa kama mpya", ni ya kuchukua. Mng'ao wa nje usiuhesabu. Mwanza hapa bunduki huliwa kutoka chini, pale chuma kinapokutana na mbao, maana unyevu wa ziwa ukishapenya hapo hautoki wenyewe.

Makaratasi kwanza. Namba ya kwenye bodi (chuma kinachoshika mtutu na bolti) ilingane na ya leseni, tarakimu kwa tarakimu, na anayeuza awe ndiye mwenye leseni. Kama mwenyewe alishafariki, familia haiwezi kukuuzia sebuleni. Silaha hairithiwi kama shamba. Anzieni polisi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Usikubali kwenda nayo nyumbani "ukaijaribu" kabla ya kibali, hata kwa usiku mmoja.

Siku ya kuikagua, mwenye nayo aitoe bolti (chuma cha kusukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu), chemba inapokaa risasi na magazini vionekane vitupu, nawe uhakikishe tena kwa jicho na kwa kidole. Kisha pitisha kitambaa kikavu mtutuni. Muuzaji mjanja hujaza mafuta, na mafuta huziba vishimo vya kutu. Mulika tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande mwingine, halafu geuza. Mistari ya msokoto ndani ya mtutu, inayozungusha risasi, iwe na kingo kali. Vishimo vichache katikati ya mtutu vinavumilika kwa bunduki ya nyati. Mdomoni hapana: ukingo ukiwa na pengo dogo tu, gesi hutangulia kutoka upande huo na kuisukuma risasi pembeni. Fundi mwenye leseni anaweza kuukata upya, lakini gharama hiyo itoke kwenye bei.

Sasa mbao. Fungua skrubu za chini, nyanyua bodi itoke. Ukiona mstari wa kutu unaofuata ukingo wa mbao, kwaruza kwa ukucha. Ikiwa ni unga wa kahawia unaofutika kwa mafuta, sawa. Ikiwa ukucha unaingia kwenye shimo, achana nayo. Kisha tazama kitako nyuma kabisa ya mkia wa bodi (ncha yake ya nyuma), na ule ukuta mwembamba wa mbao kati ya magazini na kifyatulio. Teke la .375 linabebwa na kisiki cha chuma kilicho chini ya bodi. Kisiki kikiwa hakijakaa sawasawa kwenye mbao, teke linahamia kwenye mkia na kupasua kitako kama kabari. Ufa wa unene wa unywele umalizwe kwa epoksi na kisiki kikalishwe upya. Ukijaza ufa tu na kuacha kisiki kilivyo, utarudi palepale.

Angalia pia kama imepigwa msasa na kutiwa rangi upya: maandishi yamefifia, kingo zimekuwa mviringo, matundu ya skrubu yana bonde. Huo ndio mng'ao unaosifiwa mara nyingi.

Bolti iwe ya bunduki hiyo hiyo. Bolti ya kuazima inaweza kuacha nafasi kubwa kati yake na ganda. Fundi ana vipimo vya kazi hiyo. Wewe omba ganda la risasi ya kiwandani lililofyatuliwa na bunduki hiyo mara moja tu. Pinda ncha ya waya mwembamba kama ndoana, iingize ndani ya ganda na uparuze ukuta, juu kidogo ya ule mkanda wa chini. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda lilikuwa njiani kukatika. Usinunue kabla fundi hajapima.

Sefti (kizuizi cha kufyatua) ya 602 nyingi za zamani inakwenda kinyume na ulichozoea: mbele ni salama, nyuma ni kufyatua. Ikiwa tupu, weka sefti, vuta kifyatulio, achia, kisha ondoa sefti. Ikijifyatua hapo, ni ya fundi. Mara nyingi kuna mtu alichezea skrubu za kifyatulio ili kiwe chepesi. Pitisha risasi bandia tano, polepole kisha haraka, ukiitazama ndoana inayong'oa ganda isiwe imemeguka.

Ile Mauser 98 uliyotaja kama ya akiba, iliyogeuzwa kuwa .375, mimi ningeiogopa. Bodi ya urefu wa kawaida ilitengenezwa kwa risasi fupi, na kuipanua kwa .375 mara nyingi hukata chuma cha pale jino la chini la bolti linapoegemea.

Kwa risasi hukukosea: .375 ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912 na viwanda vingi bado vinaitengeneza. Mwenye bunduki ya .404 Jeffery, risasi nyingine ya wanyama wakubwa, anaweza kuwa na bunduki safi na kabati tupu. Hata hivyo, muulize kwanza muuzaji wa risasi mwenye leseni ana nini dukani.

Mkoba wa ngozi wanaokupa kama zawadi uchukue, ila usihifadhi bunduki humo. Ngozi hunywa unyevu na kuukabidhi kwa mtutu. Ukishafungua mbao, weka hapa picha ya nyuma ya mkia wa bodi, tuuone huo ufa kama upo.