Umekwama Mambo ya Walawi? Usirudi nyuma

Dada, umeuliza ufanyeje baada ya kuachwa nyuma na ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Fungua sura za tarehe ya leo, usome hizo. Usijaribu kufidia. Biblia ina sura 1,189, yaani tatu na kidogo kila siku. Ukiongeza deni la wiki mbili juu yake, kusoma kunageuka mbio na hushiki neno.

Nafikiri tatizo lako ni kusoma mfululizo kuanzia Mwanzo. Wengi huishia palepale kwenye sadaka na sheria za ukoma. Jaribu ratiba ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Uskoti, aliyewaandalia washirika wake mwaka 1842. Kila siku ni takriban sura nne kutoka sehemu nne tofauti: Januari 1 ni Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1. Kwa mwaka unamaliza Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ukifika Walawi mwezi Aprili, siku hiyohiyo una Zaburi na Mithali za kukutia nguvu. Hilo ndilo ninalolipenda mno.

M'Cheyne alizigawa sura hizo nne hivi: mbili za familia nzima, mbili za mtu peke yake. Kama watoto ni wadogo na nne ni nyingi, soma mbili tu, umalize kwa miaka miwili. Na uombe kabla ya kufungua, tafadhali.