Kwa nini hata wasomi wanaingia kwenye msimamo mkali wa dini?

Mkuu, umeuliza kwa nini msimamo mkali wa dini unakua hata kwa waliosoma. Kwangu elimu siyo kiini. Kiini ni kung'olewa mizizi.

Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, aliiita anomia: kanuni za zamani zimelegea, mpya hazijashika. Mtazame kijana anayeshuka kutoka kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) cha Rombo kuja kupanga chumba Pasua, hapa Moshi. Kule alikuwa mtoto wa fulani, ana ukoo na wazee wa kumkanya. Huku jirani hamjui hata jina. Kikundi kinachompa ndugu wapya, watu wa kumuuguza akilala na homa, na majibu yasiyo na "labda", lazima atakipenda. Naomba tusimdharau.

Iran nako, mageuzi ya ardhi ya Shah (mfalme wao) yalianza miaka ya 1960, wanavijiji wengi wakamiminika Tehran, na misikiti ikawapokea. Mapinduzi yakaja 1979.

Wala si jambo la Waislamu peke yao. Jina la kizungu la msimamo huu, "fundamentalism", lilitokana na vijitabu vya Waprotestanti wa Marekani, vilivyotolewa 1910 hadi 1915 kupinga theolojia ya kisasa.

Ila usichanganye ukali wa imani na ukatili. Wengi wenye msimamo huu hawajawahi kumgusa mtu.