Re: Theluji ikijaa vijijini Japani wanakula nini?
Mkuu umeuliza theluji ikifunga vijiji vya milimani kama Shirakawa-go watu wanaishije, aisee wanajiandaa tangu vuli. Zile kaki zenye ukakasi (tunda flani kama nyanya ya rangi ya chungwa) wanazimenya wanazitundika na kamba nje ya nyumba kama mwezi au zaidi, huku wanaziminyaminya kwa mkono mpaka ukakasi unaisha zinakuwa tamu kama tende yani. Figili nyeupe wanazifukia chini ya theluji zisigande, zingine wanazitia chumvi na pumba za mchele. Supu ya miso (uji mzito wa maharage ya soya yaliyochachushwa) haikosi. Theluji ikiyeyuka ndo wanaingia porini kuchuma mboga na machipukizi ya mianzi, ila hayo lazima uyachemshe na pumba kwanza, machungu balaa.