Wasomaji Wauliza: Kaburi la Bibi wa Cao

Makala ya toleo lililopita kuhusu Bibi wa Cao, mwanamke mtawala wa jamii ya kale ya Moche aliyefukuliwa nchini Peru, imetuletea barua nyingi kutoka Mombasa na vitongoji vyake. Tumechagua nne.

*Wanafunzi wangu wamenibana. Wamoche hawakuwa na maandishi, basi imejulikanaje kwamba mama huyu alitawala, na si mke tu wa mtawala? (Mwalimu wa historia, Tudor)*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo wataalamu wenyewe bado wanalijadili. Mombasa ina Mwana Mkisi, na masimulizi ndiyo yanayotwambia kwamba alitawala. Bibi wa Cao hana masimulizi wala herufi moja. Ushahidi wote umo katika mahali alipolazwa, alivyozikwa navyo, na aliyezikwa karibu naye.

Mwanaakiolojia Régulo Franco Jordán na wenzake walimkuta mwaka 2005 ndani ya Huaca Cao Viejo, hekalu la matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, katika bonde la Chicama kwenye pwani ya kaskazini. Habari ilitangazwa mwaka uliofuata. Hakuzikwa makaburini pamoja na raia. Alilazwa ndani ya hekalu lenyewe, kwenye ua wenye kuta zilizopakwa rangi na kuchorwa, na wezi wa makaburi hawakuwahi kumfikia. Karibu naye palikuwa na msichana aliyenyongwa, kamba ikiwa bado shingoni.

Mwili ulifungwa katika furushi la nguo za pamba lenye uzito wa zaidi ya kilo 100, na juu yake ulitariziwa uso wa mtu. Ndani mlikuwa na mataji, hazama zaidi ya 40 za dhahabu na fedha, sindano za dhahabu na vifaa vya kufumia. Mpaka hapo ungesema ni mwanamke tajiri. Lakini humo humo mlikuwa na rungu mbili kubwa za mti zilizovikwa shaba, na virushio 23 vya mikuki. Kabla ya hapo silaha za namna hiyo zilijulikana kutoka makaburi ya wanaume wakubwa, na kwenye vyungu vya Wamoche rungu ni alama ya mamlaka.

Wako wanaosema silaha zile zaweza kuwa zawadi za wapiganaji waliokuja kumuaga, au mali ya mumewe. Hoja hiyo haipuuzwi. Sisi tunaegemea upande wa utawala kwa sababu rungu hazikuachwa mlangoni mwa kaburi. Zilifungwa ndani ya sanda zake mwenyewe. Tena yeye si wa peke yake. Huko San José de Moro, mahali pengine pa Wamoche, tangu 1991 hadi 2013, yalipatikana makaburi manane ya makuhani wa kike. Mwaka 2024 yakatangazwa matokeo ya uchimbaji wa Pañamarca, mahali pengine pa Wamoche, ambako kuna kiti cha enzi cha udongo kilicholika mgongoni kwa kuegemewa, pamoja na shanga za jiwe la kijani, nyuzi nyembamba na unywele wa mtu. Kwenye kuta za chumba hicho amechorwa mwanamke mwenye mamlaka. Wanafunzi wakianza kusita, waonyeshe hicho kiti. Mtu aliketi pale mara nyingi sana hadi udongo ukaisha.

*Mimi ni sonara, Mji wa Kale. Vitu vile ni dhahabu tupu au vimechovywa? Na kama vimechovywa, bila umeme walifanyaje? (Sonara, Mji wa Kale)*

Sonara, vitu vingi vya Wamoche vinavyong'aa ni shaba iliyovishwa dhahabu. Mtafiti wa metali Heather Lechtman alichunguza mabamba yaliyotoka Loma Negra, pwani hiyo hiyo, kisha akairudia kazi yenyewe kwa madini yapatikanayo jangwani kule. Hakuhitaji umeme.

Dhahabu huwekwa kwenye maji yenye chumvi ya kawaida, shura na shabu, kwa moto mdogo. Mchanganyiko huo huiyeyusha polepole, kazi ya siku kadhaa. Yakishafikia hapo maji ni makali mno; ukitumbukiza shaba itaanza kulika. Kwa hiyo ukali wake hupozwa kwa magadi hadi pH, yaani kipimo cha ukali, ifike kama 9. Ndipo yanachemshwa taratibu na bamba la shaba lililosafishwa sawasawa linatiwa kwa dakika chache. Dhahabu hujipachika yenyewe, unene wake mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 0.5 hadi 2. Mwisho bamba hupashwa moto wa nyuzi 500 hadi 800 za Selsiasi ili dhahabu ishikane na shaba. Hatua hii ikirukwa, dhahabu hubanduka.

Kasoro yake hujitokeza baadaye, ardhini. Chumvi ya udongo huingia kwenye shaba, kutu ya kijani inavimba chini ya dhahabu na kuipasua kutoka ndani. Ndiyo maana mabamba mengi hutoka kaburini yakiwa kijani, na asiyejua hudhani ni mabati mabovu. Akiyasugua kwa ndimu, ukwaju au majivu, dhahabu yote inaondoka na kutu. Na shaba yenye chumvi hiyo huendelea kutoa unga wa kijani kila unyevu wa hewa unapopita asilimia 45 hivi. Hewa ya Mombasa huwa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Ukiletewa shaba ya kale dukani usiisafishe. Iweke ndani ya boksi linalofungika vizuri pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, uvibadilishe vikishiba.

*Ngozi na tatuu zake zimekaaje miaka yote hiyo? Huku kwetu sanda haidumu. (Mama msomaji, Likoni)*

Mama, ni ukavu. Mkondo baridi wa bahari uitwao Humboldt hupita kando ya pwani ya Peru na kuinyima mvua, hivyo hekalu lile limesimama jangwani. Bakteria na kuvu bila maji hawafanyi kazi. Pamba iliyomzunguka ilinyonya majimaji ya mwili, na mwili ukakauka kabla haujaoza. Ndiyo sababu nyoka na buibui waliochorwa mikononi mwake wanaonekana hadi leo, baada ya miaka 1,600 hivi, na ngozi ya tumbo ikawaonyesha wataalamu kwamba aliwahi kuzaa. Alikufa akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Pwani yetu mvua ni nyingi; udongo wa matumbawe hutunza mifupa kiasi, lakini nguo na ngozi huenda.

*Nachimba shimo la choo Kisauni. Kwenye futi nne tumetoa vigae vyeupe vyenye maua ya samawati, shanga na kipande cha shaba. Nifanyeje? (Mwenye kiwanja, Kisauni)*

Ndugu, simamisha jembe leo.

Tukueleze kwanza kwa nini. Mwaka 1987 wezi walivamia Sipán, Peru, na mwanaakiolojia Walter Alva akawahi sehemu ambayo hawakuifikia. Katika kaburi la bwana mkubwa alilolikuta mlikuwa na mkufu wa njugu za metali: njugu 10 za dhahabu upande wa kulia, 10 za fedha upande wa kushoto. Mpangilio huo ulifichua namna Wamoche walivyogawa ulimwengu pande mbili. Mwizi angeziuza zote kwa mizani, na jambo hilo lisingejulikana kamwe. Shanga zako nazo, zikishachanganywa kwenye ndoo, haziwezi kurudi zilipokuwa.

Kilichobaki ukutani mwa shimo usikivute. Weka rula kando yake upige picha ya karibu, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha pembe ya nyumba. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, siyo kutoka juu ya kifusi. Funika shimo kwa turubai lililoinuliwa kwa miti, kwa maana nailoni ikigusa udongo hutoa jasho. Kifusi kisizolewe, maana kitachekechwa.

Vilivyokwisha kutoka usivioshe. Vikaushe kivulini, shaba mbali na vigae, kila kina mfuko wake, na ndani utie karatasi iliyoandikwa kwa penseli; wino hutawanyika kwa unyevu. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakupa siku 7 kutoa taarifa, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyovipata. Nenda makavazi ya Fort Jesus na picha na vipimo vyako. Ukiona mfupa wa binadamu, polisi na wazee wa mtaa nao waitwe siku hiyo hiyo.

Na vibarua wako, kama umewapatia kazi kwa futi, badilisha uwalipe kwa siku mpaka watu wa makavazi wafike. Anayelipwa kwa futi hatasimama akiona shanga.