Bahasha ya alfajiri: aliyeipokea ana kosa?

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma Surabaya, Indonesia. Siku ya uchaguzi wa Februari 2024, tumetoka tu kuswali alfajiri, baba mwenye nyumba akaletewa bahasha: rupia 50,000 na kadi yenye picha ya mgombea ubunge. Akaitia mfukoni, akasema ni sadaka. Kisheria, naye ana kosa?

JIBU: Marahaba. Kwa uchaguzi ule, hana. Uchaguzi wa rais na wabunge unaendeshwa kwa Sheria Na. 7 ya 2017, na kifungu cha 523 kinambana mtoaji peke yake. Akigawa siku ya kura, kifungo ni hadi miaka 3. Akigawa katika siku 3 za utulivu kabla ya kura, hadi miaka 4. Ungekuwa uchaguzi wa gavana au meya, mambo yangegeuka: kifungu cha 187A cha Sheria Na. 10 ya 2016 kinamfunga mpokeaji pia, miezi 36 kwenda juu.

Kifungu cha 523 kina tundu. Wakati wa kampeni na siku za utulivu, lazima uthibitishe kuwa mgawaji ni mtu wa kampeni. Binamu wa mgombea asiye kwenye orodha yoyote anaponyoka. Siku ya kura ndipo sheria inaposema "kila mtu", kwa hiyo aliyebisha hodi kwenu angeweza kushtakiwa, awe nani.

Wenyeji huita mchezo huo serangan fajar, shambulio la alfajiri (fajar ni alfajiri yetu hii hii). Machi 2019 tume ya kupambana na rushwa, KPK, ilimkamata mbunge Bowo Sidik Pangarso kwa hongo ya usafirishaji wa mbolea, ikakuta makasha 84 yenye bahasha kama 400,000, jumla rupia bilioni 8. Hongo ya ofisini ndiyo inayorudi kijijini ikiitwa sadaka.

Na hapo dini ni kali kuliko kifungu cha 523, maana hadithi inamlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Sadaka gani inakuja na picha ya mgombea? Tanzania tuliiita takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006.

Siku nyingine, usiitupe bahasha wala kadi. Andika saa, tafuta shahidi, na mwenye haki ya kupiga kura hapo nyumbani apeleke taarifa Bawaslu, wasimamizi wa uchaguzi, ndani ya siku 7 za kazi tangu kujua. Zikipita, hawaipokei.