Barua kwa mwanangu: risasi iliyopigwa chini

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na ile filamu ya Barry Lyndon uliyotuwekea kwenye flashi tumeitazama. Tumeimaliza kwa siku mbili, maana ni saa tatu nzima na umeme wetu unaujua. Unaniuliza: ningekuwa mimi Barry, kwenye lile pambano la bastola ghalani, ningepiga risasi chini kama yeye, au ningemmaliza yule mtoto wake wa kambo, Bullingdon?

Picha zenyewe ni nzuri hadi zinaudhi. Mishumaa mitupu, na lenzi zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, wale Wamarekani wa anga za juu! Lakini wewe ulimtazama Barry. Mimi macho yangu yalikuwa kwa wale mabwana wa pembeni, wasimamizi wa pambano. Wanarusha sarafu kuamua nani aanze, wanaongea kwa adabu kama wanaogawa chai. Bastola ya Bullingdon inafyatuka kabla hajalenga. Anaomba nyingine, anaambiwa hiyo imehesabiwa. Kijana anakwenda pembeni kutapika. Wao wanasubiri.

Haya, Barry alipopiga chini walimwuliza kijana kama ameridhika, nakubali. Lakini swali hilo, mbele ya watu, umetoka kutapika, ungelijibu vipi?

Nimewaambia tangu mko wadogo: wapambe nuksi. Hata lile pambano la mwanzo na Kapteni Quin, mchumba wa binamu yake Barry, ni wao. Binamu zake wa kiume walishindilia nyuzi za kitani kwenye bastola badala ya risasi, Barry akadhani ameua, akakimbia, na wao wakabaki na mkwe wa pauni 1,500 kwa mwaka.

Ile habari ya babu yako na seremala unaijua. Babu alimwambia kaficha kete ya bao mkononi, seremala akamzaba kofi. Ijumaa wazee wakawaweka kati: ama umrudishie, ama umsamehe. Nyuma watu wanasema chinichini, "Mrudishie, mrudishie." Mimi nimeshika birika la kahawa. Babu akanyanyua mkono, seremala akafumba macho. Babu akamnyoosha kofia, akampigapiga begani. Baraza zima likaangua kicheko.

Ninyi mnaisimulia kama sifa ya babu. Mimi nilikuwa karibu, nilimwona anavyojiuma mdomo asicheke. Seremala hakukanyaga tena baraza lile, na mlango wetu wa uani aliokuwa ameuanza ulikaa bila bawaba mpaka tukahama.

Sasa hapo alisamehe, au alimaliza? Angemrudishia kofi, Jumamosi wangekuwa kwenye bao tena, naapa. Ingawa siwezi kusema mtu mzima azabwe kofi mbele ya watoto, hapana. Babu alikuwa muungwana, na wale waliocheka ndio walioharibu. Lakini mbona aliwapa cha kuchekea?

Na Bullingdon je? Barry alimchapa tangu utotoni, akampiga ngumi mbele ya wageni, muziki ukakatika. Leo mtu huyohuyo anamwachia uhai wake mbele ya mashahidi, na yeye apokee, ashukuru! Ningekuwa mimi yule kijana... basi, nisiseme. Alijibu hajaridhika, akampiga Barry risasi mguuni, mguu ukakatwa, inatosha. Ukinibana kwa simu nitasema, kwa hiyo usinibane.

Mama yako anadai sote wawili tumetazama pasipo. Yeye kaganda kule mwisho, Desemba 1789, Lady Lyndon, mke wa Barry, anapotia saini ile posho ya Barry ya ginea 500 kwa mwaka na kalamu inasita. Anasema mwanamke yule bado alikuwa anampenda. Mimi nasema alikuwa anakumbuka madeni. Wali umepoa tukibishana, na ananiambia nikuandikie kwamba hukumwuliza yeye.

Baba yako